Mawimbi katika Tangi la Mwethya

Mwezi wa Machi mwaka wa 1984, Mbinya alisimama mbele ya wanawake wenzake kanisani, nje kidogo ya Migwani, akawaomba wamwazime mume wake tangi lao la maji.

Halikuwa ombi jepesi. Tangi lile walilijenga wenyewe, wanawake ishirini na watatu wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi. Walibeba mchanga kutoka mtoni kwa karai, wakagonga mawe mpaka viganja vikatoka malengelenge, wakajifunza kuchanganya simiti kwa kumtazama fundi mmoja aliyewacheka siku ya kwanza na kunyamaza siku ya tatu. Lilikuwa tangi la mstatili, refu kama darasa, kando ya kanisa penye mteremko, na maji ya paa la kanisa yalilijaza kila Novemba. Lakini Novemba iliyopita mvua ilinyesha siku nne tu. Tangi halikupita nusu, na tangu wakati huo kila nyumba ilipata debe moja kwa siku mbili. Mbinya ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na ufunguo wa mfuniko ulikaa shingoni mwake.

"Mwalimu hatachota hata kikombe," aliwaambia. "Anataka kuyatikisa tu."

"Ayatikise ili iweje?" akauliza Ndinda, katibu wa kikundi, mwanamke asiyeacha neno lipite bila kulipekua.

"Afanye mawimbi, kama ya bahari. Wageni wanakuja kutoka Nairobi kuona mashine yake."

Kicheko kikazunguka benchi hadi benchi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona bahari. Mbinya aliwaacha wacheke, kisha akasema lile neno ambalo baadaye alitamani angekuwa amelimeza.

"Watu wakubwa wakifika hapa na kuona tunavyoishi, hawawezi kuondoka hivi hivi. Mwalimu anasema yuko afisa wa wizara pamoja na mzungu. Tutawaomba kisima cha pampu."

Kicheko kikakoma. Syokau, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, aliinua mkono kabla ya wote. "Mimi sioni ubaya. Maji yakitikiswa bado ni maji." Mikono mingine ikafuata, na wa Ndinda ukawa wa mwisho.

Mume wa Mbinya aliitwa Nzuki, na alifundisha fizikia katika shule ya harambee iliyokuwa na maabara isiyo na bomba wala umeme. Alikuwa mtu mpole, si wa pombe wala wa maneno mengi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na Mbinya aliujua kabla hajaolewa. Mwaka wa 1971, akisomea ualimu pwani, Nzuki alikaa ufukweni wiki nzima ya likizo kwa kukosa nauli ya kurudi nyumbani. Alichokiona pale hakikumtoka tena. "Yanakuja tu," alimwambia Mbinya walipokuwa wakichumbiana. "Hayalipwi, hayalali, hayangoji mvua. Na sisi tunanunua mafuta ya Waarabu." Mafuta yalipopanda bei, na jenereta ya shule ikageuka kiota cha kuku, yeye alichora. Alichora nyuma ya mitihani na kwenye karatasi za kufungia sukari.

Mashine yenyewe haikuwa ngumu kueleweka. Hata Mbinya aliweza kuieleza. Ni pipa la mafuta lililokatwa chini, likasimamishwa majini huku mdomo ukitazama chini. Wimbi likiingia, hewa iliyomo ndani husukumwa juu. Wimbi likitoka, hewa huvutwa chini. Juu ya pipa palikuwa na bomba jembamba, na ndani ya bomba feni ndogo ya bati iliyozungusha dainamo ya baiskeli. Taabu ilikuwa kwamba hewa ikipanda feni huzunguka huku, ikishuka huzunguka kule, na taa huzimika katikati. Nzuki alihangaika na jambo hilo miaka mitatu. Hatimaye alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akavifanya vilango vinne vinavyofunguka upande mmoja tu, hivi kwamba hewa ikipanda au ikishuka, ilipita kwenye feni kutoka upande uleule. Siku alipopata jibu hilo alikaa jikoni akivifungua na kuvifunga vilango kwa kidole mpaka usiku. Akaandika barua wizarani, akaandika tena, na barua ya tano ikajibiwa.

Walianza majaribio baada ya Pasaka. Nzuki alitoboa ukuta wa tangi kwa patasi, akapigilia vyuma vinne vya kushika pipa lisiyumbe. Upande wa pili alining'iniza ubao mpana kama mlango, akautia mpini mrefu. Mtu akiusukuma na kuuvuta kwa mwendo mmoja, maji yaliinuka, yakatembea urefu wote wa tangi, yakapiga ukuta na kurudi. Ilibidi kuushika mwendo wake. Ukiupata, wimbi lilikua lenyewe, mpaka maji yote yakawa yanakwenda na kurudi kwa kishindo. Mbinya aliupata upesi kuliko mumewe. Alikuwa ametwanga na kupura tangu utotoni, na mikono yake ilijua kuhesabu. Basi jioni, shule ikifungwa, yeye alisukuma ubao na Nzuki akatazama feni.

Jumatano moja taa ya baiskeli iliwaka, ikakaa imewaka. Wanawake waliokuja kuchukua madebe yao walipanda ngazi mmoja mmoja kuchungulia.

"Hicho tu?" Syokau akasema, na kicheko chake kikubwa kikajaa tangini. "Mwalimu, mimi nina kibatari kinachoshinda hicho."

"Hili ni tangi, Mama Mwende," Nzuki akamjibu, naye akicheka. "Bahari ni matangi mangapi?"

Wageni walitarajiwa Alhamisi ya pili ya Mei. Ikaja barua kwamba wangechelewa wiki mbili. Nzuki hakutaka kusimama. Alisema vilango vinahitaji kuzoea, na kila jioni mawimbi yaliendelea kupiga ukuta uleule, penye vyuma vyake vinne.

Syokau ndiye aliyeuona unyevu. Siku ya Jumanne, zikiwa zimesalia siku mbili wageni wafike, alimshika Mbinya mkono akampeleka nyuma ya tangi, upande wa chini wa mteremko. Lipu ya ukuta ule aliipaka yeye mwenyewe, na aliijua kama mama anavyojua ngozi ya mtoto. Karibu na ardhi palikuwa na doa jeusi la upana wa sinia.

"Hili halikuwapo Jumamosi," akasema.

Mbinya aliweka kiganja. Palikuwa baridi. "Nitamwuliza Mwalimu."

Alimwuliza jioni ile ile. Nzuki alikuja akatazama, akachuchumaa, akagusa, akalifuata doa kwa kidole hadi ardhini.

"Ni jasho," akasema. "Simiti hutoa jasho maji yakitikisika. Wageni wakiondoka nitang'oa vyuma na kuziba. Siku mbili tu, Mama Kasyoka."

Alimwita kwa jina la binti yao, kama alivyofanya kila alipotaka kubembeleza. Mbinya alimtazama usoni. Alijua kwamba mume wake haamini anachosema, na Nzuki alijua kwamba anajua. Ingetosha Mbinya kuuweka ule ufunguo mkononi mwa Ndinda na kusema kazi isimame. Lakini alikuwa ameishi na michoro ile miaka kumi na miwili, na mbele yake aliiona pampu, mpini wake wa chuma, maji yakitoka. Asubuhi Syokau alipomwuliza, Mbinya alijibu, "Anasema ni jasho." Syokau alitikisa kichwa polepole. "Basi yeye ndiye aliyesoma," akasema, akajitwisha debe lake akaenda.

Wageni walifika Alhamisi saa tano, kwa Land Rover. Mzungu alikuwa mhandisi, kijana, amechomwa na jua hadi masikioni. Afisa wa wizara aliitwa Bwana Shee, mtu wa Lamu, aliyeongea Kiswahili laini hivi kwamba wanawake walinyamaza kumsikiliza hata alipoomba kiti. Mbinya alisukuma ubao kwa nusu saa. Taa iliwaka bila kupepesa. Mzungu alipanda ngazi, akaingiza kichwa kwenye pipa, akavipima vile vilango vya mpira kwa rula, akapiga picha saba. Aliposhuka alimpa Nzuki mkono, akauchezesha kwa furaha ya kweli, akaongea Kiingereza haraka haraka. Mbinya alimwona mumewe akitabasamu, kisha tabasamu likibaki pale huku uso wenyewe ukiondoka.

Bwana Shee ndiye aliyemweleza upya, polepole, labda kwa kuona kwamba hakutaka kuelewa.

"Mwalimu, kazi yako ni safi. Bwana huyu anasema amestaajabu, mtu kuifikia peke yake, huku, bila kitabu. Lakini ni jambo linalojulikana. Wajapani wanawasha taa za maboya baharini kwa njia hii hii karibu miaka ishirini sasa. Vilango vinne pia wanavyo."

"Vilango vinne," Nzuki akarudia.

"Hakuna aliyekwambia?"

"Nani angeniambia?"

Bwana Shee alimshika bega. Aliahidi kumtumia majarida. Mbinya alijikaza akamwomba kisima, mbele ya wanawake wote waliokuwa wamevaa vitambaa vyao vya Jumapili. Afisa aliandika kwenye daftari, akasema kwa upole kwamba maji ni wizara nyingine, lakini atafikisha. Wakanywa chai iliyochemshwa kwa debe zima la maji ya kikundi, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata Mbinya alikuta mbuzi wa jirani wamejaa nyuma ya tangi, wakilamba tope. Nyuki walikuwa wengi hata hakuweza kusogea karibu. Ufa ulikuwa umeanza kwenye chuma cha pili, ukashuka kwa mshazari hadi kwenye msingi, na pale chini jiwe moja lilikuwa limesogea kwa upana wa kidole. Alipanda ngazi akachungulia. Chini palikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, mekundu, na pipa la Nzuki likining'inia juu yake.

Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomtia hofu. Wanawake walikuja na madebe yao, wakatazama, wakayageuza, wakaenda mtoni. Nzuki alishinda siku nzima akiziba ufa, ingawa sasa hapakuwa na maji ya kuzuia.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalikuwa chini yake, na kila wiki yalishuka zaidi, kwa hiyo wanawake walichimba mashimo, wakashuka ndani kwa zamu, na aliyekuwa chini alichota kwa kata na kumpa aliye juu. Ndio mwaka ule ambao Wakamba wanauita Nikwa Ngwete, nafa huku nimeshika, kwa maana hata mwenye pesa mkononi hakupata chakula cha kununua. Juni ilipoanza, mashimo yalikuwa marefu kuliko mtu na nusu. Kila mmoja alijua mchanga hauna urafiki. Wakati tangi lilipokuwa na maji, hakuna aliyelazimika kushuka.

Siku ile zamu ya kushuka ilikuwa ya Mbinya. Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa sababu ya siku za ubao, na Syokau alimwona akishika kiuno. "Pisha," akasema. "Wewe utapokea." Akafunga kanga, akateremka akiweka miguu kwenye vijishimo walivyochonga ukutani. Alitoa kata tisa. Alikuwa anasema kitu juu ya binti yake Mwende na nyoka aliyemwona chooni, na Mbinya alikuwa ameinama kupokea ya kumi, ukuta wa mbele ulipoteremka. Haukutoa sauti kubwa. Ulikuwa kama gunia la mtama linalomwagwa. Mbinya alibaki na kata mkononi, na shimo halikuwapo.

Walichimba kwa mikono, kwa kata, kwa masufuria. Wanaume walikuja na koleo kutoka sokoni. Walipomfikia jua lilikuwa limehama upande.

Mulei, mume wa Syokau, alikuwa mtu wa kuuza mbuzi na hakuwa na maneno mengi hata siku za furaha. Alimzika mkewe siku ya tatu. Mbinya alimpelekea unga kilo nne alizozipata kwa taabu, na Mulei akaurudisha kwa mkono wa mtoto bila ujumbe wowote.

Mwezi wa Julai barua ilikuja yenye muhuri wa serikali. Bwana Shee hakuwa ametupa ahadi zake zote. Pwani palikuwa na mradi mdogo wa kupima nguvu ya mawimbi, unaolipiwa na wafadhili wa nje, na walihitaji mtu wa kutunza vyombo. Jina la Nzuki lilikuwa limependekezwa.

"Twende wote," akamwambia Mbinya. "Kasyoka atapata shule."

"Na tangi?"

"Nitatuma pesa ya simiti."

"Uliuona ufa, Baba Kasyoka?"

Nzuki alikunja barua, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kibiriti. "Niliuona Jumapili, kabla ya doa," akasema. "Nilijiambia ni siku nne tu. Nilijiambia nikisimamisha sasa, hawatarudi tena maishani mwangu." Akangoja. "Sema kitu."

"Nenda," Mbinya akasema. "Ulitaka kwenda tangu nikujue."

Alikwenda peke yake. Pesa ya simiti aliituma kweli, mifuko mitatu, na mwezi wa Oktoba kikundi kilikusanyika kubomoa ukuta wa chini na kuujenga upya kabla ya mvua. Wanaume walikuja kuinua mawe mazito, Mulei akiwa mmoja wao. Mbinya alikuwa hajalala vizuri tangu Juni. Kabla karai la kwanza halijabebwa alisimama mbele ya wote, akavua ufunguo shingoni.

"Nina neno," akasema. "Syokau alinionyesha ukuta umelowa siku mbili kabla ya wageni. Nilijua si jasho. Nilimwambia ni jasho. Ningesimamisha kazi siku ile, maji yangekuwapo na yeye angekuwapo."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe. Badala yake aliona wanawake wakitazama miguu yao. Ndinda ndiye aliyesema.

"Mbinya, sisi sote tulikuwa tunachota hapa. Unafikiri hatuna macho? Mimi niliona tangu Jumatatu."

"Mbona hukusema?"

"Ni mume wako. Nilingoja useme wewe." Ndinda alikung'uta vumbi kwenye lesso yake, ingawa halikuwapo. "Na hiyo pampu niliitaka."

Mwanamke mwingine akasema naye aliona. Mwingine akaanza kulia. Mulei aliyasikia yote akiwa ameshika mtaimbo. Aliwatazama mmoja mmoja, ishirini na wawili waliobaki, kama mtu anayehesabu mifugo jioni.

"Kwa hiyo mliona wote," akasema. "Na aliyesema akawa ni mke wangu peke yake."

Akauweka mtaimbo chini, taratibu, akaondoka. Hakurudi kwenye kazi ya kikundi tena, na watoto wake aliwahamishia kwa mama yake huko Kasikeu, mbali. Ukuta ulijengwa bila yeye. Ndinda alichukua ufunguo, na Mbinya akabeba mchanga kama wengine. Novemba mvua ilinyesha, tangi likajaa mpaka likafurika.

Nzuki alirudi mwaka wa 1986, mwezi wa Aprili. Mafuta yalikuwa yameshuka bei duniani kote, na wafadhili hawakuona tena sababu ya kuyapima mawimbi. Aliwapa vyombo vyao, wakampa barua ya shukrani. Alikuwa amekonda na kuwa mweusi zaidi, na shule ya harambee ilikuwa na mwalimu mwingine. Mwenyewe alipata nafasi ya kufundisha Mbumbuni, ng'ambo ile ya Makueni.

Kabla ya kwenda alitaka kuona tangi. Mbinya hakumsindikiza, lakini kutoka shambani kwake aliona yote. Wanawake wanne walikuwa pale na madebe. Nzuki aliwasalimu, wakaitikia. Alizunguka hadi ukuta wa chini, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye lipu mpya kama daktari.

Ndinda alimfuata. Hakupandisha sauti, lakini upepo ulileta maneno mpaka shambani.

"Mwalimu, nenda nyumbani."

"Ninatazama tu kama ni kavu, Ndinda."

"Ni kavu. Tunatazama wenyewe siku hizi. Nenda nyumbani."

Aliinuka, akapangusa mkono kwenye suruali. Alikwenda Mbumbuni Jumatatu, na mwisho wa mwezi akamwandikia Mbinya amfuate, kwamba nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili na hakuna anayewajua. Mbinya aliisoma barua mara mbili. Kisha akaiweka chini ya godoro, akachukua debe, akaenda kupanga foleni, wa mwisho, maana ndipo alipokuwa amezoea kusimama tangu siku alipovua ufunguo.